Piga "My Favorite Things" kwenye kinanda (hesabu TATU, jamani)

Haya wapenzi wa kinanda, mambo? Washa, chagua sauti ya piano, punguza kidogo jirani asije kugonga. Tuanze.

Wengi mnaujua wimbo huu kwa ile filamu ya The Sound of Music ya 1965. Ila ulianzia jukwaani, Broadway, mwaka 1959: muziki wa Richard Rodgers, maneno ya Oscar Hammerstein. Oktoba 1960 mpiga jazi John Coltrane akaingia nao studio na saksafoni ya soprano, akauvuta zaidi ya dakika 13! Filamu nimeiona mara moja. Coltrane sihesabu tena.

Mkono wa kulia: E, panda B, B. F shapu (kitufe cheusi cha kulia kwa F), E, E. Shuka B ya chini, E, E. F shapu, E. Mmeona? Rahisi.

Sasa hesabu. MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili-tatu. Siyo nne. Mimi nimekulia kwenye rumba, mkono wangu unajua nne tu. Kuna harusi nilianza vizuri, kufika mstari wa pili mkono ukarudi nne wenyewe, maharusi wako katikati ya ukumbi mguu juu. Mpiga dramu alinitazama kama nimemla kuku wake. Kwa hiyo gonga mguu. Tatu!

Subirini, simu imeteleza... mnaona vidole au dari? Haya. Stendi hii ya simu siyo ninayouza, ninazouza mimi ni za kinanda, na haziyumbi.

Mkono wa kushoto, kodi. Siyo ya TRA, ni sauti tatu kwa pamoja. E maina: E, G, B. Piga sauti zile zile za kulia. Inahuzunisha kidogo, eeh? Sasa kulia usibadilishe kitu, kushoto hamia C: C, E, G. Sikia! Kama mtu kafungua dirisha.

Tamu yenyewe iko beti ya tatu. Kulia ni vile vile, kushoto rudi kodi ya E, ila G inapanda kuwa G shapu. Meja, ile ya furaha. G SHAPU. Ukisahau, umeharibu. Angalia kwa nini inakubali: kulia tuna E, B na F shapu tu, hakuna G ya aina yoyote. Huzuni au furaha anaamua mkono wa kushoto. Kwa hiyo wapiga jazi hawauachi wimbo huu, kila mmoja anaweka chini anachotaka.

McCoy Tyner, mpiga piano wa Coltrane, anazunguka tu: E maina, F shapu maina, rudi. Na kile kipande cha wimbo kinachotaja mbwa na nyuki, Coltrane anakificha mpaka mwisho kabisa. Mchokozi yule.

Haya, zungukeni na mimi, polepole. Moja, mbili, tatu, n... Mmeona sasa? Narudia.