Kuunganisha na Kupima Waya za Paneli ya Kengele ya Moto

Habari fundi, karibu. Hapa ukutani tuna paneli ya zoni 4, yaani maeneo manne ya jengo, volti 24, ile ya kawaida isiyotumia adresi (inataja zoni tu, si kifaa kipi), inayofungwa sana kwenye gesti na hosteli za ghorofa mbili tatu. Kebo nyekundu inayostahimili moto, nyuzi mbili za milimita za mraba 1.5, imeshavutwa. Tuunganishe, tupime.

Anza na kebo yenyewe. Paneli usiiguse bado. Kwenye kila besi, yaani kitako kinachobeba ditekta, unganisha nyuzi zinazoingia na zinazotoka kwa konekta, bila ditekta (kifaa cha kuhisi moshi au joto) wala king'ora chochote. Piga mega, kipimo cha ganda la waya, ya volti 500: chanya na hasi, kisha kila uzi na ethi (waya wa ardhi). Ikisoma chini ya megaomu 2, tafuta tatizo sasa hivi. Mara nyingi ni skrubu ya boksi iliyobana kebo, au ganda lililochunwa pale kebo inapopita kwenye bati. Mega ikipigwa ditekta zikiwa juu, umeziua zote, na duka halitakurudishia pesa.

Sasa fupisha mwisho wa laini, yaani gusanisha nyuzi mbili, upime omu kutoka upande wa paneli. Kebo hii ikiwa na mita 100 inatoa takriban omu 2.4 kwenda na kurudi. Ukiona 15, kuna kiungo kilicholegea njiani.

Twende kwenye besi. Angalia kwa karibu hapa. Uzi unaoingia una skrubu yake, unaotoka una yake. Usipitishe waya mmoja mzima bila kuukata ukauzungusha kwenye skrubu: siku skrubu ikilegea ditekta inakatika, laini inabaki nzima, paneli inakwambia kila kitu salama. Kutoa tawi katikati ya laini kuna kasoro hiyohiyo, kwa hiyo matawi hakuna. Vitufe vya kuvunja kioo vitangulie karibu na paneli, ditekta zifuate. Kwenye besi isiyo na dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ukichomoa ditekta kuisafisha laini inakatika pale, na kila kilicho baada yake hakifanyi kazi.

Rezista ya mwisho wa laini, kipande cha kuzuia umeme ambacho paneli hukisoma kujua laini ni nzima, kwa paneli hii kiloomu 4.7, inakaa kwenye kifaa cha mwisho kabisa. Nimesema kifaa cha mwisho. Kuna mafundi wanaoiacha ndani ya paneli ilivyotoka kiwandani, taa ya hitilafu inazimika, wanakabidhi kazi. Hapo paneli inajichunguza yenyewe tu. Kebo hata ikatwe na panya, haitajua. Thamani ya rezista hubadilika kwa kila kampuni, basi tumia iliyokuja kwenye boksi.

Kitufe nacho kina rezista yake, kwa kawaida omu 470 au 680. Bila hiyo, ukikibonyeza laini inakuwa shoti, na paneli nyingi za sasa zitaonyesha hitilafu badala ya moto.

Ving'ora vina laini yake na rezista yake mwishoni. Wakati wa utulivu paneli hupeleka umeme mdogo uliogeuzwa, na dayodi ndani ya king'ora huuzuia. Ukibadilisha chanya na hasi, umeme huo unapita na paneli inalalamika. Moto ukitokea, king'ora hicho kinanyamaza.

Umeme wa volti 230 utoke kwenye brekera yake peke yake, iliyoandikwa jina. Washa, halafu funga betri mbili za volti 12 kwa mfululizo: chanya ya moja na hasi ya nyingine. Chaji isome karibu volti 27.

Majaribio sasa. Chomoa ditekta moja kila zoni: hitilafu ionekane ndani ya sekunde 100. Rudisha. Legeza uzi mmoja wa king'ora cha mwisho, uone hitilafu tena. Kisha bonyeza kila kitufe na pulizia kila ditekta ya moshi kwa kopo la moshi wa majaribio. Usichome karatasi wala udi, masizi yanaziba chemba na baada ya mwezi kengele zinalia ovyo. Ditekta ya joto inatosha mashine ya kukaushia nywele. Mwenzako asimame kwenye paneli akitaja zoni inayowaka, maana zoni zilizobadilishana hazionyeshi hitilafu yoyote.

Mwisho zima brekera, liza ving'ora kwa betri peke yake, tembea vyumbani milango ikiwa imefungwa. Palipo na sauti hafifu, ongeza king'ora, uhamishe na rezista ikiwa mwisho wa laini umesogea.