Mashine ya Kujazia Risasi: Kwa Nini Nilichagua ya Vituo Vitano

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu nawasalimu pia kutoka Phoenix, Arizona. Wengi mliokiona nyuma yangu kwenye picha kile chombo cha chuma chenye mkono mrefu mliniuliza kama nimefungua kiwanda. Hapana, hiyo ni mashine ya kujazia risasi upya kwa ajili ya kulenga shabaha. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimdai leseni mtu anayejaza risasi za kutumia mwenyewe, ila akitaka kuziuza. Huko Tanzania na Kenya kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo asije mtu akaniagiza nimtumie moja kwenye kontena.

Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki ya kuwasha baruti kitakoni mwake, baruti ndani na kichwa mdomoni. Ikishafyatuliwa ganda hubaki, na ganda ndilo linalogharimu zaidi ukinunua jipya. Ndiyo maana watu huyaokota, huyasafisha na kuyajaza tena. Mashine ya kawaida hufanya hatua moja tu kila unapovuta mkono, ilhali ile ya mfululizo ina sahani inayozunguka na maganda kadhaa, kila moja likifanyiwa kazi yake kwenye kituo chake, hata sahani ikishajaa kila mvuto mmoja hudondosha risasi moja kamili.

Dillon, kampuni ya Scottsdale, jirani zetu hapa, inauza aina mbili ambazo wanaoanza huzilinganisha sana. Ya 550 ina vituo vinne na sahani yake huzungushwa kwa kidole. Ya 750 ina vituo vitano na hujizungusha yenyewe. Mimi nilianza na ya kwanza, kwa kuwa kubadilisha ukubwa wa risasi ni nafuu zaidi kwayo, na siikashifu. Lakini jioni moja mama alipiga simu katikati ya kazi, nikapokea, na niliporudi mezani nikazungusha sahani kabla ganda halijatiwa baruti. Siku ya kulenga nilisikia mlio hafifu, kama kizibo cha chupa. Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama humo, na laiti ningefyatua nyingine nyuma yake, mtutu ungeweza kupasuka mkononi mwangu. Kusahau kuzungusha kuna hatari ya upande wa pili, yaani ganda kutiwa baruti mara mbili.

Kwa hiyo nilihamia vituo vitano, si kwa ajili ya mwendo wanaousifu wauzaji, bali kwa sababu kituo cha ziada kinabeba kifaa cha kukagua kina cha baruti, ambacho hulia ikizidi au ikipungua. Hata hivyo sahani inayojizungusha haimalizi mambo: ikikwama, mimi huyaondoa maganda yote na kuanza upya, wala sikisii lipi limekwisha kutiwa. Vipimo vya baruti navitoa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti pekee, miwani huwa usoni, na chakula hakikaribii meza ile kwa sababu ya vumbi lenye sumu la madini ya risasi. Simu naiacha jikoni. Mama amekwisha kuzoea kungoja.