Mkopo wa Mpunga: Shida Sio Riba, Shida ni Tarehe

BARAKA: Haya wasikilizaji karibuni tena, leo dada Neema kaja na hoja yake, eti mkulima mdogo wa mpunga hapigwi na riba ya benki, anapigwa na tarehe za mkopo. Dada, unatutania?

NEEMA: Sikutanii kaka. 2021 BoT, yani Benki Kuu, ilitenga trilioni 1, mabenki yachukue kwa riba ya asilimia 3 halafu yamkopeshe mkulima isizidi 10, NMB na CRDB wakashuka mpaka 9. Na TADB, ile benki ya maendeleo ya kilimo, nao wanadhamini mkulima mdogo asiye na hati ya kuweka rehani.

BARAKA: Mbona kule Mbarali, Mbeya, kwenye mpunga wenyewe, watu bado wanauza mpunga ukiwa mchanga?

NEEMA: Kwasababu yule mnunuzi anakupa hela leo leo, haulizi andiko la mradi wala muhtasari wa kikao cha kijiji. Ila piga hesabu, tuseme kakupa elfu 50 kwa gunia, umechukua milioni moja, mavuno unampa gunia 20, siku hiyo gunia liko elfu 80, yani umelipa milioni na laki sita! Benki kwa asilimia 9 miezi nane ni kama elfu 60 tu juu ya milioni yako.

BARAKA: Duh. Na hapo hajaweka lumbesa, lile gunia la kujaza mpaka juu ya mdomo.

NEEMA: Lumbesa usiseme 😂 Sasa hiyo milioni ikija mapema unalipa pawatila ya kulimia, unapandikiza mbegu ya Saro 5 kwa mistari, unapiga DAP ya kupandia, yurea ya kukuzia inaingia mpunga ukiwa unatoa machipukizi, mtu wa gunia 10 kwa heka anaweza kufika 20 na zaidi kama maji yapo. Ikichelewa unakuta mpunga umeshabeba mimba, suke liko karibu kutoka, ndo unamwaga yurea, majani yananawiri kweli, masuke yale yale, deni liko pale pale.

BARAKA: Hata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba?

NEEMA: Ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu? Nzuri, ila 2023 ilisimamishwa mpaka 2024 ndo ikarudi, na mpunga haukusubiri. Tena ni ya kikundi, mkigawana kila mtu anapata ya palizi tu.

BARAKA: Tuseme imekuja kwa wakati, kavuna. Faida si ipo?

NEEMA: Tija ipo, faida ndo inapotea hapo. Marejesho wanapanga Juni, Julai, mashine zote zimejaa mpunga, bei iko chini, na afisa mikopo anapiga simu, unauza. Mwenye hela kidogo anaacha gunia zake godauni mpaka Desemba, Januari, anauza bei nyingine kabisa, mpunga ule ule.

BARAKA: Si kuna stakabadhi ghalani? Unaweka mzigo unakopea.

NEEMA: Sheria ipo toka 2005, lakini godauni lenye leseni liwe karibu na wewe, usipakie fuso kilomita 60 kwa ajili ya gunia 15. Mi nasema benki isogeze marejesho mpaka Januari basi, riba ya miezi sita zaidi kwenye milioni ni elfu 45, gunia mbili tu zikipanda elfu 30 kila moja zimeshailipa hiyo.

BARAKA: Benki watakwambia mkulima atakula mpunga wote kabla ya Januari.

NEEMA: Mwenye heka mbili, gunia 40 atazila na nani kaka?