Sinjoo!

(Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu wa awali, walimu wa msingi na wazazi, Dodoma)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana wa chuo mliokuja kwa sababu mmesikia kuna chai: mbukwenyi!

Naona Wagogo wapo. Vizuri.

Nianze na swali la barabarani. Mlipokuwa mnakuja hapa mmepita vipilefti vingapi? Viwili? Yule pale anasema vitatu, huyo alipotea. Sasa nani aliwafundisha kusema "vipilefti"? Shule gani? Darasa la ngapi? Neno lenyewe ni la Kiingereza, ni maandishi ya kibao yaliyokuwa yanamwambia dereva akae kushoto. Mswahili akasikia "ki" pale mwanzoni, akasema aha, huyu ni ndugu yake kiti na kikombe, vikizidi kimoja ni vipilefti. Hakuna kamati iliyokaa kulijadili. Kitabu ni hivyo hivyo. Mwarabu kwake "ki" ya kitabu ni sehemu ya neno lenyewe, na vikiwa vingi anasema kutub. Sisi tukasema vitabu, kwisha. Na digadi ya baiskeli je? Kiingereza chake kinaanza na kitu kinachosikika kama "ma". Tukasikia ma- ya wingi, tukaimega, tukabaki na digadi moja, madigadi mawili.

Mnacheka. Mtu mzima akifanya hivyo tunasema lugha imekua. Mtoto wa miaka mitatu akifanya kitu hicho hicho tunamwambia, "We mtoto, unaongea nini?" Huo ndio ugomvi wangu. Wanaonijua wameshausikia Kondoa, wameusikia Mpwapwa, wameusikia Manyoni, na leo watausikia tena. Wavumilie, chai ipo.

Nina mjukuu. Alipokuwa na miaka miwili na miezi kama minane alikaa kwangu kipindi kizima cha mavuno ya uwele. Siku moja bibi yake yuko jikoni anasonga, anamwita: "Njoo unawe." Mtoto amejificha nyuma ya ghala, anajibu: "Sinjoo!"

Bibi akaja kwangu analalamika. "Sikia mjukuu wako anavyoongea. Sinjoo, sinjoo, ndiyo nini?" Mimi nilikuwa nimeshachukua kalamu. Mke wangu anasema nina ugonjwa, na huenda ni kweli.

Hebu tulifungue hilo neno kama tunavyobangua karanga, maana ndani yake kuna nusu ya somo la mwaka wa kwanza. Kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana tunakiita mofimu. Si- ni mofimu: mimi, pamoja na kukataa. Mtoto ameiweka mahali pake, mwanzoni, wala hakusema "njoosi". Halafu njoo. Watu wazima tunajua njoo ni amri ya kitenzi kuja, na ni amri ya ajabu, haifanani na mama yake. Lakini mtoto wa umri ule analisikia lipi zaidi siku nzima? Njoo ule. Njoo uoge. Njoo hapa, acha hiyo jivu. Kwake yeye kitenzi chenyewe ni njoo. Kwa ushahidi alionao, amekosea wapi?

Bado. Tunapokanusha wakati uliopo, kitenzi kinachoishia na a kinageuza mwisho: nataka, sitaki, napenda, sipendi. Kisichoishia na a hakigeuki: narudi, sirudi, najibu, sijibu, nasahau, sisahau. Njoo inaishia na o. Kwa hiyo mtoto hakugusa mwisho. Hakusema "sinji", hakusema "sinjoi". Sinjoo! Kanuni mbili za sarufi zimefuatwa bila doa na mtu ambaye hajaweza kufunga vifungo vya shati.

Kesho yake akaniuliza, "Babu, shangazi atanjoo lini?" Hapo nilisimama kabisa. Sisi tunasema atakuja. Ile ku ya katikati inafanya nini pale? Mzizi -ja ni mfupi mno, silabi moja tu, na Kiswahili kinataka mkazo uangukie silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunaupa egemeo: a-ta-ku-ja. Kitenzi kirefu hakihitaji egemeo, hatusemi "atakupika" tukimaanisha atapika ugali. Njoo ina silabi mbili. Mtoto hakuweka ku. "Atanjoo." Nendeni mkawaulize wanafunzi wenu wa kidato cha sita wawaeleze hiyo ku. Mtaona watakavyotazama dari.

Ndiyo maana nawaambia walimu: mtoto akikosea, kabla ya kufungua mdomo, jiulize kosa lile linafuata kanuni gani. Mara nyingi hakuvunja kanuni. Ameifuata mpaka mahali ambapo lugha yenyewe imeiacha.

Najua kuna mzazi hapo anasema moyoni, "Mwalimu, si umrekebishe tu, aige?" Nilijaribu! Nimwongope nani? Nilimkalisha.

"Sema: siji."

"Siji."

"Safi sana. Tena."

"Siji."

"Haya, mwanangu, sasa njoo kwa babu."

"Sinjoo!"

Akakimbia. Hiyo ndiyo kazi ya masahihisho. Na kuhusu kuiga: nani pale nyumbani alikuwa anasema sinjoo ili amwige? Bibi? Mimi? Mbuzi? Mtoto alitoa neno ambalo hajawahi kulisikia maishani mwake. Kwa kuiga peke yake huwezi kulipata.

Ubishi huu una umri wangu. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner aliandika kwamba lugha ni tabia kama tabia nyingine, inajengwa kwa mazoea na tuzo, kama unavyomfunza mnyama. Mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky akamjibu kwa mapitio makali mno, akisema mtoto anazalisha sentensi mpya kila siku, zawadi gani ingemfundisha hizo? Kati ya majibu hayo mawili, mwaka 1958, Jean Berko alifanya jambo rahisi ambalo mimi nalipenda kuliko vitabu vyao vyote. Alichora kiumbe cha kubuni, akawaambia watoto kinaitwa "wug". Akachora cha pili, akauliza: sasa viko viwili, viwili nini? Watoto wakatia alama ya wingi ya Kiingereza kwenye neno lililozaliwa asubuhi ile. Hawakuwa wamelikariri, kwa sababu halikuwapo. Jaribuni nyumbani. Chukua kijiti na kitambaa, funga, mwambie mtoto wa miaka minne hiki kinaitwa kidumbe. Ongeza kingine, kisha umsikilize.

Simaanishi kwamba Chomsky ameshinda mechi. Wapo wanaosema mtoto amezaliwa na sarufi nusu tayari kichwani, wapo wanaosema anaijenga kutokana na anayosikia, na wanabishana mpaka leo kama Simba na Yanga. Mimi sina jezi. Ninachosema, na pande zote mbili zinakubali, ni kwamba kuna kazi inafanyika ndani ya kile kichwa, na anayeifanya si mwalimu.

Ushahidi wa lugha zetu upo. Kamil Deen aliwarekodi watoto wadogo wa Nairobi wakiongea Kiswahili. Aliona wanaangusha viambishi, kile cha mtenda au cha wakati, lakini vinavyobaki vinakaa kwa mpangilio wake. Kusini huko, Katherine Demuth alifuatilia watoto wanaokua na Kisotho, lugha yenye ngeli kama zetu. Upatanisho wa ngeli wanaushika mapema sana, kabla hawajafikisha miaka mitatu. Sasa njoo kwenye madarasa yetu uone tunavyowatesa watoto kukariri majina ya ngeli, KI-VI, LI-YA, U-ZI, kama vile bila hiyo chati hawataweza kusema "kiatu changu kimepotea". Alishasema, mwalimu! Alilia nacho jana! Chati inamsaidia kukijua kitu anachokitumia, na hiyo ni kazi nyingine, nzuri tu, ila tusizichanganye. Kuamili lugha, yaani kuipata bila kufundishwa, ni jambo moja, kujifunza habari za lugha ni jambo jingine.

Hapo sasa inakuja hoja ya pili, nayo huwa naulizwa kwa sauti ya chini kama tunazungumzia ugonjwa. "Mwalimu, Kigogo cha bibi yake hakimharibii Kiswahili?"

Hakimharibii. Watoto wengi duniani wanakua na lugha mbili au tatu. Kuna siku watazichanganya katika sentensi moja, hata mimi nazichanganya nikikasirika. Tazameni mkoa wetu. Nendeni Kondoa na Chemba. Kirangi ni Kibantu, Kiburunge ni Kikushi, Kisandawe ni chenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, na wafugaji Wabarbaig wana lugha ya Kiniloti. Watoto wa huko wanavuka kutoka lugha moja hadi nyingine wakienda dukani kununua chumvi. Tukiambiwa kichwa cha mtoto hakibebi lugha mbili, tuwapeleke wasemao hivyo gulioni.

Sawa, tuzungumzie matamshi, maana najua hapo ndipo mnaponibana. L na R. Msimu wa uchaguzi mtu anasema "nimekwenda kupiga kula" na ukumbi unaanguka. Kula na kura zinatofautishwa na sauti moja tu, na kwa sababu sauti hiyo inageuza maana, tunasema l na r ni fonimu mbili katika Kiswahili. Si lazima ziwe mbili katika lugha nyingine. Janet Werker na mwenzake Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa nyumba za Kiingereza, wakiwa na miezi sita hadi minane, walitofautisha konsonanti za Kihindi ambazo watu wazima wa Kiingereza huzitofautisha kwa shida. Walipokaribia mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umefifia. Mtoto hajawa kiziwi. Sikio limechagua soko lake.

Hapo nikiri kosa. Zamani nilikuwa nasimama majukwaani nasema kwamba sisi wengine hatuwezi hata kuvisikia vidoko vya Kisandawe. Si kweli. Waliowapima watu wazima wa Kiingereza kwa vidoko vya Kizulu waliona wanavitofautisha vizuri tu, kwa kuwa vidoko havifanani na sauti yoyote ya lugha yao. Na wewe ukimhimiza punda unapiga kidoko kizuri sana. Ila wewe hugeuzi maana ya neno kwa kidoko hicho cha punda, na mtoto wa Kwa Mtoro, huko kwa Wasandawe, anageuza.

Kwa hiyo mtoto anayesema kula badala ya kura siyo mjinga, wala si mlevi wa lugha ya nyumbani. Mwonyeshe jozi, mpe muda. Usimpige.

Nasema usimpige kwa sababu. Nilipokuwa shule, kijiji sitakitaja, ukikamatwa unasema Kigogo ulivikwa kibao shingoni, na ulibaki nacho mpaka umnase mwenzako. Tulijifunza upelelezi kuliko Kiswahili. Juzi mjukuu wangu huyu huyu, wa sinjoo, karudi nyumbani kimya. Kumbe shuleni kwao kuna kibao, na amevikwa yeye. Kwa kosa gani? Kusema Kiswahili. Kibao kile kile! Kimebadilisha lugha ya kuadhibu tu, kamba ni ileile.

Mtasema Kiingereza ndiyo kazi, ndiyo chuo, ndiyo usaili. Nakubali, na mimi mwenyewe nimekula kwa Kiingereza. Lakini baba anayejua Kiingereza cha maneno mia mbili akaamua kumlea mtoto kwa hicho, nyumba nzima inabaki "kamu, iti, siti dauni". Hakuna hadithi, hakuna kitendawili, hakuna umbeya, na umbeya ndio wenye sentensi ndefu. Mtoto anajenga kwa matofali unayomletea. Umemletea saba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika tatu? Mlinipa saa nzima... Haya. Nilitaka kueleza hatua: kubwabwaja kwenye miezi sita hivi, neno la kwanza karibu na mwaka, maneno mawili mawili kati ya mwaka na nusu na miwili, lakini hizo kila mama hapa anazijua kuliko mimi, na watoto hawaendi kwa saa. Nilitaka kueleza viziwi wa Nicaragua, watoto waliokusanywa shuleni Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakatengeneza lugha ya alama yao wenyewe ambayo hakuna mtu mzima aliyewapa. Hiyo peke yake ni mhadhara. Sintaksia, yaani mpangilio wa maneno katika sentensi, naiacha. Umilisi na utendaji, yaani tunachokijua kuhusu lugha na tunavyoitumia, naviacha.

Nimalizie habari ya mjukuu, maana mama yule wa mbele ameniuliza kwa ishara. Sasa ana miaka saba. Sinjoo ilikufa yenyewe, na mimi mwenye kalamu sikuiona siku ilipokufa. Hakuna aliyemfundisha, bibi yake anadai ni yeye. Wiki iliyopita nilimpigia simu aje Jumapili tule zabibu, akanijibu kwa sarufi safi kabisa: "Babu, siji. Nina mtihani."

Nikajikuta nasikitika, na si kwa sababu ya zabibu. Haya, maswali. Tuanze na wewe wa dirishani.