Sehemu ya 62: Betri Yangu Imeolewa na Soja

NJORO: Hiyo taa nyekundu inawaka?

ACHI: Inawaka, ongea.

NJORO: Haya karibuni, ni sisi tena, mimi ni...

ACHI: Wanatujua. Leo hatuna muda, wale wa kwaya wamekodi studio kuanzia saa kumi na moja kamili na mnakumbuka mara ya mwisho walivyotuimbia mlangoni. So Njoro amekuja amejipanga, ako na karatasi.

NJORO: Mambo manne niliyojifunza tangu nirudi kwa podi, ile vepu ndogo.

ACHI: Ngoja kwanza. Wewe? Umerudi kwa podi? Si ulikaa kwa hiki kiti ukaapa kwamba mtu mzima havuti kitu kinachofanana na flashi?

NJORO: Niliapa, ndio.

ACHI: Na kabla ya mambo manne, kama hujafika miaka 18 hii sehemu rukeni, na kama huvuti kitu chochote usianze juu yetu, nikotini inashika. Haya, lile tofali lako, ile vepu kubwa ya betri mbili, liko wapi?

NJORO: Liko nyumbani. Limenyamaza. Hiyo ndiyo stori sasa. Jumanne nilikuwa naenda kwa jengo fulani huko tao, silitaji, kumuona wakili wa ile mambo ya depositi ya nyumba, na nimechelewa kama kawaida. Mlangoni kuna soja, mzee hivi, ako na ile mashine ya mkono. Anaipitisha kwa begi, inalia. Anarudia, inalia. Ananiambia, kijana, fungua.

ACHI: Uuuwi. Najua vitu viko kwa hiyo begi.

NJORO: Hebu fikiria zikitoka moja moja mbele ya watu. Tofali lenyewe. Rola ya waya. Koleo. Makasi. Bisibisi. Pamba. Chupa ya juisi ya vepu haina lebo. Halafu betri mbili kwa kile kikebe chake.

ACHI: Hiyo ni safari ya kituo, ndugu yangu.

NJORO: Laini nyuma yangu imesimama, mama mmoja ameanza kurudi nyuma polepole. Mzee ananiangalia, ananiuliza, wewe ni fundi wa nini? Na mimi akili imeganda, nikifikiria vile nitamweleza mambo ya koili, ule waya wa kupasha juisi, na pamba ya kuinyonya pale mlangoni, nikajikuta nimesema, mzee, mimi natengeneza moshi.

ACHI: Natengeneza moshi!

NJORO: Ilitoka tu.

ACHI: Fundi wa moshi. Wasikilizaji, kuanzia leo huyu haitwi Njoro.

NJORO: Sasa yeye hakucheka. Akachukua kile kikebe, akafungua, akaangalia betri kwa muda mrefu sana. Akatoa tochi yake kwa koti, akafungua nyuma, akaangusha betri yake mkononi. Achi, ni ileile. 18650! Milimita 18 upana, 65 urefu, hakuna tofauti. Yake imekufa, ananiambia wiki yote amekuwa akizunguka parking ya chini usiku na mulika mwizi. Akaniuliza, hii unauza? Nikamwambia chukua moja mzee.

ACHI: Moja?

NJORO: Tochi yake inatumia moja.

ACHI: Njoro. Lakini hizo zilikuwa zimeoana.

NJORO: Najua.

ACHI: Kuna wageni hapa acha niwaeleze. Kifaa cha betri mbili, unazinunua siku moja, aina moja, unaziweka alama, zinaingia pamoja zinachajiwa pamoja mpaka zife pamoja. Hutoi moja ukaweka ya mtu mwingine, kwa sababu zimeungwa moja nyuma ya nyingine na ile iliyochoka inaisha mapema, lakini kifaa bado kinaivuta, inashuka chini kuliko inavyofaa na hapo ndipo mambo ya joto huanza. Watu wa vepu husema zimeoana. Na wewe umechukua mke wa mtu ukampa soja.

NJORO: Kwani nani alisema ile ilikuwa mke?

ACHI: Ilipelekwa kwa boma lingine, si ni hivyo? Mahari ilitolewa?

NJORO: Niliruhusiwa kuingia kwa lifti.

ACHI: Mahari ya lifti! Na aliyebaki?

NJORO: Ako kwa droo. Peke yake. Na kile kikebe kina nafasi ya wawili.

ACHI: Aki maskini. Kwetu angerithiwa.

NJORO: Arithiwe na nani, na betri ya rimoti?

ACHI: Ndugu wa marehemu, mtu wa ukubwa wake.

NJORO: Marehemu hajakufa, anawaka parking!

ACHI: Hiyo ni mbaya zaidi, hapo sasa ni talaka. Na plastiki yake ya nje ilikuwa nzima? Kumbuka ile iliyokuwa imechanika.

NJORO: Nilikuwa nimeivisha nyingine. Nilitumia blodraya yako.

ACHI: Wewe... ile siku ilinuka plastiki mpaka jirani akauliza? Uliniambia umekausha viatu!

NJORO: Na viatu pia.

ACHI: Yaani mimi ndiye nilimpaka huyo bibi harusi vipodozi na sikualikwa. Sawa. So ukweli ni kwamba hujarudi kwa podi, umeachwa. Kuna mtu anarudi kijijini kwa sababu amechoka na jiji, na kuna mtu anarudi kwa sababu amefungiwa nyumba.

NJORO: Nilirudi kwa sababu hiyo, ni kweli, lakini nimebaki kwa sababu nyingine. Wacha nimalize. Siku ya kwanza nilitafuta ile podi ya zamani kwa sanduku la nyaya, nikaichaji kwa waya wa simu, jioni nikavuta. Basi. Hakuna kitu nimefanya. Na wewe unajua Jumapili zangu. Watu wakiwa na chai wanangoja habari mimi niko mezani na taa ya kichwa, nasokota waya mara sita kwa ile bisibisi ya milimita 3, napima omu, ule ukinzani wa waya, imetoka 0.15 na mimi nilitaka 0.2, nafungua naanza upya, naipasha iwake kutoka katikati, nabana na koleo, halafu pamba, na pamba ndiyo shetani kwa sababu ukijaza sana juisi haipandi unavuta pamba inayoungua, na aliyewahi kuvuta pamba inayoungua anajua koo litamkumbusha wiki nzima, ukiweka kidogo nayo inavuja, nimewahi kuenda intaviu na suruali inanuka embe.

ACHI: Lakini ulipenda. Ulikuwa unanitumia picha za koili kama mtu ametumiwa picha ya mtoto mchanga.

NJORO: Nilipenda kutengeneza. Sidhani nilipenda kuvuta. Na dirisha la gari ndani lilikuwa na ule utando wa mafuta, unaandika jina na kidole. Halafu juisi! Hiyo chupa ya mililita 60 siku tano imeisha. Na serikali tangu mwisho wa 2024 inataka ushuru wa shilingi 100 kwa kila mililita ya juisi yenye nikotini, mtu wa mililita 12 kwa siku ni mwekezaji huyo. Podi inaingia mililita 2, inanitosha siku.

ACHI: Hapo. Hapo ndipo nilikuwa nangoja. Hiyo 2 ni ya nguvu gani ya nikotini?

NJORO: Ya kawaida.

ACHI: Njoro.

NJORO: Miligramu ishirini kwa mililita.

ACHI: Ishirini! Na kwa tofali ulikuwa unaweka ngapi?

NJORO: Tatu. Lakini piga hesabu basi. 12 mara 3 ni 36. Mililita 2 mara 20 ni 40. Umepandisha sauti juu ya miligramu 4?

ACHI: Sio hizo 4. Na hiyo hesabu ni ya chupa, sio ya damu yako. Mimi nilitoka sigara na vepu ya tanki, mnakumbuka, nilianza na 12, nikashuka 6, sasa niko 3 na siku zingine nasahau kifaa nyumbani. Ni ngazi. Wewe ulikuwa kwa ngazi ya mwisho chini kabisa, hatua moja ifike sifuri, na umepanda tena juu ukisema umerahisisha maisha.

NJORO: Ngazi gani mtu anavuta kutoka asubuhi mpaka usiku? Ile 3 haikuwa inanishibisha, ndiyo maana tofali halikutoka mdomoni. Sasa navuta mara mbili, natosheka, naweka chini.

ACHI: Unaweka chini? Tangu tuanze umevuta mara tisa. Nimekuwa nikihesabu kwa kidole chini ya meza.

NJORO: Ni kwa sababu unanikasirisha.

ACHI: Ni kwa sababu ni ile nikotini ya chumvi! Wanaweka asidi ndani ndio isikwaruze koo. Zamani ukivuta 20 ya kawaida ungekohoa mpaka Githurai, mwili wenyewe unakwambia tosha. Hii haikwambii. Inapita kama maji.

NJORO: Lakini 20 ndiyo kikomo cha Ulaya, hawaruhusu zaidi ya hapo. Sijaenda 50 kama watu wengine.

ACHI: Hata Thika Road kuna kibao cha kikomo cha spidi, kwani ukiendesha hapo hapo kwa kibao huwezi kugonga?

NJORO: Sasa gari imeingiaje? Achi, mimi sirudi sigara, sitembei na duka la vifaa vya umeme kwa begi, soja hanisimamishi. Kwangu hiyo ni kupunguza.

ACHI: Umepunguza mizigo. Nikotini hujapunguza.

NJORO: Na wewe umepunguza nikotini lakini bado unabeba chaja ya betri kwa mkoba kwa harusi.

ACHI: Ilikuwa harusi ya mchana kutwa!

NJORO: Sikubali.

ACHI: Hata mimi sikubali. Tuhamie karatasi yako, dakika zinaenda. La kwanza?

NJORO: La kwanza... subiri, simu. Ni yeye.

ACHI: Yeye nani?

NJORO: Soja. Nilimpa namba ndio akiwa na shida ya kuchaji aniulize.

ACHI: Ameandika nini? Soma. Soma kwa sauti.

NJORO: "Fundi wa moshi habari ya jioni. Tochi inawaka vizuri sana inafika mpaka ukuta wa mwisho. Ile ingine unauza pesa ngapi, mwenzangu wa geti ya nyuma anataka."

ACHI: [anacheka, muda mrefu]

NJORO: Sio kitu cha kucheka hivyo.

ACHI: Mjane ameposwa! Na ni bwana harusi wa geti ya nyuma! Wataonana asubuhi wakibadilishana zamu!

NJORO: Enyewe... watakuwa jengo moja.

ACHI: Mpe! Ni Mungu hiyo.

NJORO: Nikimpa tofali limekufa kabisa.

ACHI: Si umesema umerudi kwa podi? Si umesema umebaki kwa sababu nyingine?

NJORO: Nimesema, lakini mtu anaacha mlango wazi kidogo.

ACHI: Ahaa.

NJORO: Usiniambie ahaa.

ACHI: Sasa na mimi nitakuwa mkweli, hata nacheka lakini hiyo kitu inanisumbua. Huyo mzee anachaji wapi?

NJORO: Tochi yake inachajiwa na waya, anachomeka kwa ile ekstensheni ya pale kwa dawati.

ACHI: Usiku wote, amelala hapo kando? Tochi ya bei rahisi unajua kama inajua kuacha kuchaji ikifika volti 4.2? Unajua kama inazima yenyewe betri ikishuka sana, ama itaendelea kuivuta mpaka chini halafu asubuhi anaichaji tu kama kawaida? Tofali lako lina saketi inayokulinda, ukikosea linakataa kuwaka. Tochi haina mtu wa kukwambia. Na ile betri aliitoa kwa kikebe akaiweka wapi kwanza?

NJORO: Mfukoni.

ACHI: Na funguo za jengo zima!

NJORO: Sikuona funguo.

ACHI: Soja, Njoro. Kazi yake ni funguo.

NJORO: ...Nitampitia leo.

ACHI: Umpelekee kikebe. Na umwambie asiache inachaji akilala. Na plastiki ikichanika aitupe, asifunge na selotepu.

NJORO: Nitapitia, nimesema. Nikishuka hapa nachukua matatu mpaka Koja natembea.

ACHI: Na yule wa geti ya nyuma?

NJORO: Huyo nitamwambia imeuzwa.

ACHI: Mwongo wewe. Droo nzima umemwekea mjane na unangoja mumewe arudi.

[kugongwa mlango]

ACHI: Hao ni kwaya. Tumesoma mambo mangapi?

NJORO: Hakuna.

ACHI: Soma hata moja haraka.

NJORO: La kwanza nimeandika... hii ni "betri" ama "bei"? Karatasi ilikuwa kwa begi, juisi imeimwagikia.

ACHI: Juisi ya tofali ama ya podi?

NJORO: Ya podi.

ACHI: Podi inavuja! Wasikilizaji mmesikia, ile kitu ya kurahisisha maisha!

NJORO: Ni kidogo tu, ni kwa sababu niliibeba kichwa chini.

[kugongwa tena, mtu anajaribu sauti ya kwanza nje]

ACHI: Tunakuja! Nikusanyie hizo nyaya. Tisa, kumi, sasa ni kumi, nimekuona.

NJORO: Ni miligramu nne tu, Achi.

ACHI: Zima.