Kuchagua muundo wa uwiano: anza na tarehe za kliniki

Karibuni. Fungua R, programu ya takwimu, na upakie nlme, kifurushi cha modeli za vipimo vinavyorudiwa; kinakuja na R yenyewe. Data yetu ya mfano ni ya kliniki ya presha: kila mstari ni hudhurio moja, lenye mgonjwa, siku, dawa na presha.

Usikimbilie modeli. Mtazame kwanza mgonjwa namba 14: alikuja siku ya 0, ya 9, ya 37, halafu akapotea mpaka ya 128. Vipimo hivyo vinne ni vya mwili mmoja, kwa hiyo vina uwiano: vinaelekea kufanana. Ukivihesabu kama vya watu wanne, kosa sanifu (kipimo cha mashaka ya makadirio) la kulinganisha makundi mawili ya dawa linakuwa dogo kuliko haki yake.

Sasa gawa siku kwa 30 upate safu ya mwezi. Andika modeli ya wastani wa presha kwa gls, amri ya nlme inayoruhusu vipimo vyenye uwiano, weka mwezi na dawa, kisha chora Variogram ya mabaki: inaonyesha jinsi mabaki (kipimo kutoa makadirio ya modeli) ya mgonjwa mmoja yanavyotofautiana kadiri pengo la muda linavyokua. Mstari ukilala tangu mwanzo, muundo wa corCompSymm unatosha: mahudhurio yoyote mawili yanafanana kwa kiasi kilekile. Ukianzia chini ukapanda, uwiano unafifia kadiri muda unavyopita.

Hapa ndipo wengi huchukua corAR1, muundo ambao uwiano hufifia hatua kwa hatua, na kuhesabu mahudhurio (la 1, la 2, la 3) badala ya siku. Tuseme uwiano ni 0.8. Kwa corAR1 hiyo, pengo la siku 9 la mgonjwa wetu ni 0.8, na pengo la siku 91 nalo ni 0.8. Mimi siwezi kulikubali hilo. Tumia corCAR1, inayofuata muda halisi, form = ~ mwezi | mgonjwa: kwa 0.8 ya mwezi mmoja, siku 9 zinapata 0.94, siku 91 zinapata 0.51. Ikigoma, tafuta mgonjwa aliyepimwa mara mbili siku moja. Chukua wastani wa vipimo hivyo, urudie.

corSymm, inayokadiria uwiano wa kila jozi ya mahudhurio peke yake, iacheni kwa utafiti wenye ratiba moja kwa wote. Mahudhurio 6 tu yanadai uwiano 15.

Linganisha miundo kwa AIC (alama ya ubora wa modeli, ndogo ndiyo bora) kwa REML, njia ya kukadiria ambayo gls huitumia, ila sehemu ya wastani iwe ileile katika modeli zote. Ukiibadilisha, namba hizo hazilinganishiki tena.

Mwisho, chora Variogram upya kwa resType = "normalized", yaani mabaki yaliyokwisha kuondolewa uwiano wa muundo uliouchagua. Muundo ukifaa, mstari unalala karibu na 1. Ukianzia chini kisha ukapanda, rudi kwenye tarehe.