Sifuri Hii ni ya Nini? Kupima Kijapani cha Wanafunzi wa Sekondari ya Juu

Ndugu walimu, asanteni kwa kuja. Mmekuja kusikia habari za lugha, nami naomba tuanzie kwenye karatasi ya hesabu.

Pale ubaoni nimeandika sentensi moja kwa herufi zetu: x no atai o motomeyo. Yeyote aliyepita shule za Japani ameiona mara zisizo na idadi. Maana yake ni "tafuta thamani ya x". Sasa mfikirieni kijana wa miaka 16 aliyeingia nchini humo miaka miwili iliyopita. Anataniana na wenzake kwa Kijapani, jioni anauza dukani kwa Kijapani, simu yake imejaa ujumbe wa Kijapani. Kitenzi cha kutafuta anakijua barabara, ni sagasu, ndicho anachokitumia akipoteza funguo. Hiki motomeru hakuna rafiki aliyewahi kumwambia. Na ile -yo ya mwisho inamvuruga zaidi, maana katika mazungumzo yo anaisikia kila dakika, ni kikolezo cha kusisitiza tu. Kumbe hapa ni alama ya amri, tena amri ya kimaandishi isiyotamkwa na mtu akizungumza na mwenzake. Kijana anaacha nafasi wazi. Mwalimu anaweka sifuri.

Sifuri ya nini? Ya hesabu, au ya Kijapani? Karatasi haisemi. Kwangu mimi kazi yote ya kupima Kijapani cha wanafunzi hawa ni kuifanya karatasi iseme.

Wanafunzi gani? Mwaka 1990 Japani ilibadili sheria yake ya uhamiaji, na watu wenye asili ya Kijapani waliozaliwa Brazili na Peru wakafunguliwa mlango wa kuja kuishi na kufanya kazi. Wengi walielekea kwenye viwanda vya magari na vipuri: Hamamatsu, Toyota, Oizumi kule Gunma. Waliambiwa, na wao wenyewe waliamini, kwamba watakaa miaka michache na kurudi. Watoto hawakurudi. Baadaye zikaja familia kutoka Ufilipino, China, Vietnam, Nepal. Kufikia 2021 Wizara ya Elimu ilihesabu katika shule za umma watoto 58,307 wanaohitaji kufundishwa Kijapani, na miaka miwili baadaye walizidi 69,000. Zingatieni kwamba zaidi ya elfu kumi kati ya wale wa 2021 ni raia wa Japani. Pasipoti haifundishi lugha. Mtoto anaweza kuwa na uraia kwa baba, akalelewa na mama kwa Kitagalogi hadi miaka kumi na minne.

Wizara inamweleza mwanafunzi anayehitaji msaada kwa namna mbili. Wa kwanza ni yule asiyeweza mazungumzo ya kila siku. Wa pili ni yule anayezungumza vizuri tu, ila lugha ya masomo ya darasa lake haijamfikia, kwa hiyo anashindwa kushiriki. Wa kwanza hata mlinzi wa getini atamtambua. Wa pili anateleza kati ya vidole vya shule nzima kwa sababu mdomo wake unamsitiri.

Hapa ndipo neno hai linapotuponza. Msicheke, si hai yetu ya uhai. Kwa Kijapani hai hufasiriwa "ndiyo", lakini mara nyingi maana yake ni "nakusikia, endelea". Mwalimu anauliza, "Umeelewa?" Kijana anajibu, "Hai." Anaulizwa tena, "Hakuna tatizo?" Anajibu daijōbu, yaani niko sawa. Mwalimu anaandika kwenye faili: anaelewa. Hajadanganywa na mtu; wote wawili wamefuata adabu. Ila kilichopimwa pale ni adabu.

Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, aliliweka jambo hili wazi tangu 1979. Alitenganisha lugha ya maongezi, inayoegemea ishara, sura na mazingira, na lugha ya kitaaluma, inayosimama peke yake kwenye ukurasa. Ya kwanza mtoto mhamiaji huipata kwa mwaka mmoja au miwili. Ya pili humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake, pengine zaidi. Sasa pigeni hesabu. Sekondari ya juu ya Japani ni miaka mitatu, au minne katika baadhi ya shule za jioni. Aliyefika akiwa na miaka 15 ataondoka shuleni kabla lugha yake ya kitaaluma haijakomaa, hata kama kila kitu kimeenda sawa. Na Kijapani kina mzigo wake wa ziada: mtoto aliyezaliwa pale hufundishwa kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi, na orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136. Mgeni anadaiwa zote kwa mkupuo, huku somo la kemia likiendelea.

Mnajua matokeo yake. Katika uchunguzi wa wizara wa 2018, wanafunzi wa sekondari ya juu wanaohitaji kufundishwa Kijapani walioacha shule walikuwa asilimia 9.6. Kwa wanafunzi wote wa ngazi hiyo ilikuwa asilimia 1.3. Waliomaliza na kuendelea na masomo walikuwa asilimia 42.2, wenzao 71.1. Nikiziona tarakimu hizi huwa nauliza swali lilelile la sifuri. Wangapi walishindwa masomo, na wangapi walishindwa maelekezo ya mtihani?

Shule nyingi zikitaka kujua Kijapani cha mwanafunzi hukimbilia mtihani unaojulikana kuliko yote, ule wa umahiri wa Kijapani, JLPT, ulioanza 1984 na tangu 2010 una ngazi tano, kutoka N5 ya chini hadi N1 ya juu. Siupingi. Cheti cha N2 kinamfungulia kijana milango ya kazi. Lakini haupimi kuzungumza wala kuandika insha. Mtahiniwa anachagua majibu tu. Na tazameni unavyoweza kupotosha. Mpeni msichana aliyesoma China hadi miaka 15: kanji anazitambua kwa macho, maana anazikisia, sehemu ya kusoma anafaulu vizuri, lakini darasani hafungui kinywa na sentensi zake hazina viunganishi. Mpeni na mvulana aliyekulia katika mtaa wa Wabrazili: anaongea kama maji, utani wote anaupata, sehemu ya kusikiliza anafaulu, lakini kanji zinamwangusha. Wawili hawa wanaweza kutoka na alama sawasawa. Ukiwaweka katika kundi moja la masomo ya ziada kwa sababu ya alama hiyo, mmoja atachoshwa na kile mwenziwe anachokihitaji.

Mwaka 2014 wizara ilitoa chombo cha namna nyingine, kilichotengenezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo cha Masomo ya Kigeni. Kinaitwa DLA, yaani tathmini kwa njia ya mazungumzo. Hakuna ukumbi wa mtihani. Mpimaji na mwanafunzi wanakaa ana kwa ana. Wanaanza na maongezi mafupi na picha za maneno 55 ya msingi, kama utangulizi. Kisha kuna sehemu nne: kuzungumza, kusoma, kuandika, kusikiliza. Katika kusoma, kwa mfano, mwanafunzi anapewa andiko la kiwango kinachomfaa, anasoma, kisha anasimulia alichoelewa.

Lililonivutia mimi ni kwamba mpimaji anaruhusiwa kusaidia. Mwanafunzi akikwama anaulizwa swali jepesi, anapewa neno, anakumbushwa kilichotangulia. Kwa waliozoea mitihani ya kitaifa hili linasikika kama wizi wa mtihani! Lakini wazo lenyewe ni la zamani, ni la mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky: kile mtoto anachoweza leo akishikwa mkono ndicho atakachoweza kesho peke yake. Mtihani wa kawaida unakuonyesha ukuta ambapo mwanafunzi ameishia. Mazungumzo yanakuonyesha kama ukuta ule ni wa matofali au wa pazia. Mkibadilisha motomeyo kuwa "toeni jibu" na kijana akatoa x bila kusita, mmekwisha kujua sifuri ile ilikuwa ya nini, na imewachukua sekunde kumi.

Matokeo ya DLA si asilimia. Mwanafunzi anawekwa katika hatua moja kati ya sita. Hatua ya kwanza na ya pili ni za msaada wa mwanzo. Ya tatu na ya nne, msaada wa mtu mmoja mmoja katika masomo. Ya tano na ya sita, anajisomea huku akiangaliwa kwa mbali. Kila hatua inamwambia mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi. Kipimo kisichomwambia mwalimu hivyo sioni kina faida gani kwake.

Kina kasoro, tena si ndogo. Kilitengenezwa kwa watoto wa msingi na sekondari ya chini, kwa hiyo maandiko yake hayana ugumu wa kitabu cha biolojia au historia cha sekondari ya juu. Anayekitumia huko analazimika kukishonea viraka. Halafu kuna muda. Anapimwa mwanafunzi mmoja kwa wakati, na stadi moja inaweza kumaliza kipindi kizima. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi thelathini wa aina hii akizipima stadi zote nne, muhula utakwisha hajafundisha. Ushauri wangu utawaudhi wapenzi wa ukamilifu: katika sekondari ya juu pimeni kusoma na kuandika kwanza. Kuzungumza kunaweza kungoja, maana ndiko kunakotudanganya.

Tena jambo hili sasa lina uzito wa kisheria. Tangu Aprili 2023 shule za sekondari za juu zinaweza kufundisha Kijapani kama sehemu ya mtaala maalumu, na hadi krediti 21 zikaingia kwenye zile zisizopungua 74 za kuhitimu. Zamani masomo hayo yalikuwa hisani ya mwalimu mwenye moyo, baada ya saa za kazi. Leo yanahesabika, na kinachohesabika hudai mpango wa kila mwanafunzi. Mpango nao hudai kujua ameanzia wapi. Shule ikikadiria kwa kuhesabu tu miaka aliyokaa nchini, imepima kalenda.

Nije kwenye kuandika, mahali ninapopapenda. Daftari la mwanafunzi lina habari kuliko ripoti yake. Kijapani hutofautisha maneno kwa urefu wa sauti: kite ni "njoo", kiite ni "sikiliza", na kitte, yenye kituo kidogo katikati, ni stempu ya barua. Kijana akiandika kite popote alipokusudia kitte, usimkatie alama ukaendelea na safari. Anakwambia hakisikii kile kituo. Tatizo liko sikioni, na kumwandikisha neno mara hamsini hakutalitibu. Mwingine anaandika insha ya historia kwa maneno ya gumzo, nanka ("yaani") hapa, sugoi ("kali sana") pale, kama anayeongea na mwenzake kwenye treni. Huyu sikio lake ni zima kabisa. Anachokosa ni kuonyeshwa kwamba maandishi yana mavazi yake. Wa tatu sarufi yake safi, lakini kwenye hesabu anachanganya ijō na miman: "10 ijō" ni kuanzia 10 yenyewe kwenda juu, "10 miman" ni chini ya 10 bila kuigusa. Maneno mawili tu, na sura nzima ya takwimu imeharibika. Wote watatu wana alama nyekundu zilezile.

Na lugha ya nyumbani je? Hapa nina ubishi na wenzangu wengi. Wanasema tunapima Kijapani, Kireno kinaingiaje? Kinaingia hivi. Mpe mwanafunzi ukurasa unaoeleza jinsi mmea unavyotengeneza chakula kwa mwanga, kōgōsei kwa Kijapani. Mwambie aeleze anachokijua kwa lugha yoyote aitakayo. Rekodi. Hata kama wewe huelewi neno, atapatikana mtu wa kusikiliza. Akimwaga maelezo kwa Kireno, elimu anayo, anadai maneno tu, na deni la maneno hulipika upesi. Akikwama kwa lugha zote mbili, shughuli ni nyingine: huenda alihamahama akakosa somo hilo kabisa, na hapo orodha ya msamiati haitamfaa, anahitaji kufundishwa dhana yenyewe. Bila kuuliza upande huu wa pili ni rahisi sana kumwona mtoto wa namna hiyo kuwa mzito wa akili, au kumpeleka kwenye darasa la wenye ulemavu wa kujifunza ambao hana. Hilo ni kosa ninaloliogopa kuliko kumpa mtu alama za bure.

Jambo la mlango wa kuingilia nitalipitia kwa kasi. Elimu ya lazima Japani ni miaka tisa, kwa hiyo sekondari ya juu huingiwa kwa mtihani. Mikoa mingi ina utaratibu maalumu kwa waliotoka nje, mingine huongeza muda au huandika furigana, zile herufi ndogo za kusomea juu ya kanji. Kila mkoa na taratibu zake, na kijana huyohuyo anaweza kupata nafasi huku na kuikosa kwa jirani. Mtaniuliza kama furigana ni upendeleo. Nawarudisha ubaoni. Weka furigana juu ya motomeyo, kijana ataweza kuitamka. Maana yake bado hana.

Nina karatasi hapa mbele, ukurasa mmoja wa maswali ya sayansi. Chukueni kila mmoja wake, pigieni mstari kila neno ambalo rafiki hamwambii rafiki yake, kisha tuhesabu pamoja. Wakati zinagawiwa nitapokea maswali. Dada wa safu ya nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja N1. Karibu.